Kusema karo wakati una kere: uhamisho kisha 1 bila turufu katika briji



Kuna swali moja linanirudilia kila mara ninapofundisha wenzetu briji, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili. Mwanzo mambo yanaenda vizuri. Wanajifunza kuhesabu pointi, wanaelewa mnada, wanaanza hata kuchekana. Lakini siku tunafika kwenye uhamisho, lazima mmoja asimamishe somo: "Lakini wee, mimi niko na kere tano mkononi. Juu ya nini niseme karo? Hiyo si uongo?"

Swali hilo lina uzito, na ninapenda tulijibu leo polepole. Ndani yake muna mambo mawili. La kwanza ni la ufundi: tunapata nini tukisema kitu kingine badala ya kile tulicho nacho? La pili ni la haki: je, mpinzani anadanganywa? Mwenye kuelewa yote mawili ameshika roho ya mnada wa briji.

Maneno tutakayotumia

Kwa aina za karata nitafuata mazoea yetu ya hapa: pike (♠), kere (♥), karo (♦) na trefle (♣). Ndugu zetu wa pwani wanaita shupaza, kopa, uru na pau. Karata ni zile zile. Kwa karata kubwa nitaandika herufi zilizo kwenye karata zenyewe: A, K, Q, J. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 4, K ni 3, Q ni 2, J ni 1. Karata zote 52 zina pointi 40.

Kila mchezaji anapokea karata 13, kwa hiyo kuna raundi 13 za kushinda. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila upande unatangaza utashinda raundi ngapi zaidi ya 6, na kwa turufu gani. Ukitangaza 2♠, umeahidi raundi 8, na pike ndiyo turufu (ile wengi tunaita atu). Unaweza pia kutangaza "bila turufu", maana yake hakuna aina yenye nguvu kupita ingine. Nitaiandika BT. Aliyetaja kwanza aina ya mkataba kwa upande wake njo anacheza. Mwenzake anaweka karata zake wazi mezani na kunyamaza. Wafaransa wanamwita mfu, na jina linamfaa.

Mwisho wa hesabu: pike na kere ndizo aina kubwa. Ukizitaja unahitaji raundi 10 ili upate mkataba mkubwa wenye zawadi (4♠ au 4♥). Bila turufu zinatosha raundi 9 (3BT). Karo na trefle zinadai raundi 11, njo maana hatuzikimbilii sana. Kwa kawaida mkataba mkubwa unahitaji kama pointi 25 kwa mikono miwili.

Tatizo lenyewe

Mwenzako anafungua 1BT. Katika mtindo wa Ufaransa na wa Marekani tangazo hilo lina maana iliyo wazi: pointi 15 mpaka 17, na karata zilizogawanyika sawa, bila aina fupi sana. (Kuna Waingereza wengi wanaocheza 12 mpaka 14; uhamisho unafanya kazi kule pia, unabadilisha hesabu tu.)

Angalia sasa vile hali ilivyo. Mwenzako amekwisha kusema karibu yote. Wewe njo unajua jumla ya pointi zenu, kwa hiyo wewe ndiye kapiteni wa mnada. Lakini kapiteni ana shida. Tuseme una kere tano. Unaweza kuwa na pointi 3, ukitaka kusimama chini kabisa. Unaweza kuwa na pointi 9, ukitaka kumuuliza mwenzako kama ana cha juu au cha chini. Unaweza kuwa na pointi 12, ukitaka mkataba mkubwa bila kujua kama ni 3BT au 4♥. Hizo ni hali tatu tofauti kabisa.

Katika mtindo wa zamani, 2♥ ilimaanisha "niko dhaifu, nyamaza", na 3♥ ilimaanisha "niko na nguvu, usinyamaze". Yule wa katikati, mwenye pointi 8 au 9 na kere tano, hakuwa na mlango. Alilazimika kusema 2BT na kuzificha kere zake. Yaani lugha ilikuwa na maneno machache kuliko mambo ya kusema.

Dawa: sema aina iliyo chini yake

Uhamisho ni rahisi kuusema:

– 2♦ maana yake: "Niko na kere tano ao zaidi. Tafadhali sema 2♥."
– 2♥ maana yake: "Niko na pike tano ao zaidi. Tafadhali sema 2♠."

Mwenzako aliyefungua anatii. Hata kama ana kere mbili tu, anasema 2♥. Hata kama karo zake ni nzuri za kumetameta, hanyamazi kwenye 2♦. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya uhamisho, na ninairudilia: anatii.

Halafu linakuja jambo tamu. Mnada unarudi kwako, na wewe unaongea mara ya pili. Neno moja la zamani limekuwa maneno mawili. La kwanza limeonyesha aina, la pili litaonyesha nguvu.

Mbinu hii haikutoka kwa mtu mmoja tu. Msweden Olle Willner aliandika juu yake katika gazeti la briji la kwao mwaka wa 1953 na 1954. Mmarekani Oswald Jacoby aliieneza kwa wasomaji wa Kiingereza kwa makala ya mwaka 1956, na kule Marekani inabeba jina lake mpaka leo. Wafaransa wao wanaiita Texas. Kwa hiyo ukishika kitabu cha briji cha Kifaransa ukakuta Texas kila ukurasa, usifikiri wanaongea juu ya ng'ombe na petroli. Ni uhamisho huu huu. Lakini kwa Mmarekani neno hilo linataja uhamisho wa ngazi ya 4 peke yake. Ukicheza na mgeni kwa simu, ulizeni kwanza mnaelewana namna gani.

Mfano wa kwanza: mkono dhaifu

Tuchukue mikono miwili. Aliyefungua 1BT amekaa Kusini:

♠ K 10 4 ♥ A Q 5 ♦ K 6 2 ♣ A 7 4 3 (pointi 16)

Wewe uko Kaskazini:

♠ Q J 9 8 5 ♥ 7 4 ♦ 9 5 3 ♣ 8 6 2 (pointi 3)

Wengi wanaoanza wanasema: "Niko na pointi tatu, maskini mimi, ninanyamaza." Tuone matokeo ya 1BT. Kusini anaanza kutafuta pike. Anacheza K, mpinzani mwenye A anaizuia. Anacheza 10, mpinzani anaizuia tena. Mara ya tatu anacheza 4 kwenda kwa Q, sasa A inaanguka na kuikamata. Mezani zimebaki pike mbili zinazoshinda, lakini Kusini hana njia ya kuzifikia, juu Kaskazini hana karata ingine ya kumwingiza. Pike tano zimetoa raundi 2 tu.

Sasa tangaza 2♥, mwenzako atii 2♠, kiisha unyamaze. Pike ndizo turufu. Mpinzani azuie A mara ngapi anataka, atashinda nayo raundi moja tu. Pike zako sasa zinatoa raundi 4. Mkono uliokuwa maiti umefufuka. Njo maana ninasema: uhamisho ni kwanza chombo cha maskini. Mwenye pointi 3 na karata tano za aina moja ndiye anaufaidi kuliko wote.

Kuna faida ya pili, na hiyo njo inaeleza kwa nini tunasema kere wakati tuna pike, badala ya kusema pike moja kwa moja. Angalia nani amekuwa wa kwanza kutaja pike: ni Kusini, mwenye nguvu. Kwa hiyo Kusini anacheza, na mkono wake unabaki umefichwa. Kaskazini mwenye pointi 3 ndiye analaza karata mezani. Wapinzani wanaona takataka tu.

Tena, karata ya kwanza inatoka kwa Magharibi, na Kusini anacheza wa mwisho katika raundi hiyo. Magharibi akitoa kere, A na Q za Kusini zote zinashinda, hata K iwe wapi. Magharibi akitoa karo, K ya Kusini itashinda raundi. Geuza sasa: Kaskazini angetangaza pike mwenyewe, karata ya kwanza ingetoka kwa Mashariki, na mkono wenye nguvu ungekuwa mezani, wazi mbele ya kila mtu. Mashariki anatoa karo ndogo, na kama Magharibi ameshika A na Q ya karo, ile K ya mezani imekwisha kazi. Karata ni zile zile na mkataba ni ule ule. Kilichobadilika ni kiti cha anayecheza tu.

Sitawadanganya kwamba faida hiyo ni ya kudumu. Mashariki akiingia baadaye, anaweza kushambulia vile vile. Lakini raundi ya kwanza mara nyingi ndiyo inaamua nani atakimbia mbele.

Kuongea mara ya pili

Tuchukue mwenye kere. Mnada umeenda 1BT – 2♦ – 2♥. Sasa ni zamu yako tena.

*Pointi 0 mpaka 7:* unanyamaza. Mmekaa 2♥, basi.

*Pointi 8 ao 9, kere tano:* unasema 2BT. Ni mwaliko. Mwenzako sasa anajua mambo mawili: una kere tano kamili, na una 8 ao 9. Yeye ndiye anachagua kati ya milango minne. Akiwa na cha chini na kere mbili, ananyamaza. Akiwa na cha chini na kere tatu, anasema 3♥. Akiwa na cha juu na kere mbili, 3BT. Akiwa na cha juu na kere tatu, 4♥. Kumbuka yule wa zamani aliyekosa mlango: leo ana minne!

*Pointi 8 ao 9, kere sita:* unasema 3♥. Mwaliko pia, lakini turufu imekwisha kuamuliwa, juu mwenzako hawezi kuwa na chini ya kere mbili.

*Pointi 10 mpaka 15, kere tano:* unasema 3BT. Hapa unampa mwenzako uchaguzi: akiwa na kere mbili anaacha 3BT, akiwa na tatu anarekebisha kuwa 4♥.

*Pointi 10 mpaka 15, kere sita:* unasema 4♥, hakuna maswali.

*Nguvu ya mkataba mkubwa na aina ya pili yenye karata nne ao zaidi:* unaitaja aina hiyo kwenye ngazi ya 3. Kwa mfano 1BT – 2♦ – 2♥ – 3♣ ni kere tano na trefle nne, na hakuna kunyamaza kabla ya kufika juu.

Kwa pike ni vile vile: unaanza na 2♥, mwenzako anasema 2♠, hesabu inafuata.

Aliyefungua anaweza kuruka?

Nimesema anatii. Lakini kuna utii wa furaha. Tuseme alifungua na hii:

♠ A Q 8 5 ♥ A 7 ♦ K Q 6 ♣ Q 9 7 4

Ni pointi 17, cha juu kabisa, na pike nne. Wewe unasema 2♥ kuonyesha pike. Yeye anaruka mpaka 3♠: "Ninazipenda pike zako, na niko na cha juu." Kwa pamoja mna turufu 9, kwa hiyo hatari ya kuruka ni ndogo, na wewe mwenye pointi 7 ambaye ungenyamaza sasa unaweza kufikiri upya. Akikosa kimojawapo kati ya hivyo viwili, bora atulie kwenye 2♠.

Basi, ni uongo?

Turudi kwenye swali la mwenzetu. Uongo ni kumfanya mtu aamini kitu kisicho kweli. Unaposema 2♦, mwenzako anaelewa kere. Na mpinzani? Hapa sheria ya briji iko wazi: kila mapatano kati yako na mwenzako ni mali ya meza nzima. Mpinzani ana haki ya kujua kila tangazo lenu lina maana gani, sawa sawa na vile mwenzako anajua. Kule Marekani, aliyefungua anataja kwa sauti, mara tu mwenzake akisema 2♦, tangazo hilo linaonyesha nini. Uingereza anataja aina yenyewe inayoonyeshwa. Kwenye michezo ya intaneti, mara nyingi aliyetangaza mwenyewe ndiye anaandika maelezo, na wapinzani wanayasoma.

Kwa hiyo 2♦ ni neno la lugha ambayo wote wanne wanaifahamu. Ni kama vile mu Lubumbashi tunasema "nipe maji" na mtu anajua ni jina ya nini. Neno halifanani na kitu, tumekubaliana tu. Mpinzani anaruhusiwa kuuliza, na wewe unalazimika kujibu kikamili.

Ninasisitiza hapa juu wengi wetu tumekulia kwenye meza za karata ambako kukonyeza jicho, kukohoa, kugusa sikio, yote ni "akili". Katika briji ishara ya siri ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Mwaka 2015 mchezaji wa Norway, Boye Brogeland, alitoa hadharani tuhuma dhidi ya jozi za mabingwa, na dunia nzima ya mchezo ikatikisika. Hakuna aliyewalaumu kwa ugumu wa mbinu zao. Tuhuma ilikuwa kwamba habari zilipita kati ya watu wawili bila wengine wawili kujua. Unaweza kuwa na mapatano magumu kama hesabu za uhandisi. Ukiyafunua, uko safi. Unaweza kuwa na ishara moja ndogo ya kidole. Ukiificha, wewe ni mwizi. Mimi ninaona somo hilo linafaa hata kwa wenye diploma wanaojiandaa kushika ofisi za watu.

Bei yake

Kila mbinu ina bei. Kwanza, umepoteza 2♦ ya kweli: mwenye mkono dhaifu wa karo hawezi tena kusimama pale. Pili, mpinzani anayekaa baada yako anaweza kupiga kontra kwenye 2♦ yako, kumwambia mwenzake kwamba karo ziko kwake. Jozi nyingi zinakubaliana kwamba baada ya kontra hiyo, aliyefungua anasema 2♥ akiwa na kere tatu, na ananyamaza akiwa na mbili. Tatu, na hii ndiyo inaua wengi: mmoja anakumbuka, mwingine anasahau. Aliyesahau ananyamaza kwenye 2♦, na meza inaangalia mkataba wa karo wenye turufu mbili upande mmoja. Tena, mpinzani akitangaza aina yake mara moja kisha 1BT, jozi nyingi zinaondoa uhamisho. Maneno yanarudi kuwa ya kawaida. Ongeeni hayo kabla ya kukaa mezani.

Kazi ya nyumbani

Mwenzako amefungua 1BT (15–17). Unafanya nini?

1. ♠ 8 3 ♥ Q 10 9 7 5 2 ♦ 6 4 ♣ 7 5 2
2. ♠ K J 8 6 4 ♥ A 7 ♦ Q 9 3 ♣ 8 5 2
3. ♠ 9 4 ♥ K Q 8 6 3 ♦ K 7 5 ♣ J 8 2
4. ♠ Q J 7 2 ♥ A 8 ♦ K 9 5 3 ♣ 10 6 4

Usisome chini kabla ya kufikiri!

Jibu la 1: 2♦, kiisha unanyamaza kwenye 2♥. Pointi 2 tu, lakini kere sita.
Jibu la 2: 2♥, kiisha 3BT. Una 10 na pike tano, mwenzako atachagua.
Jibu la 3: 2♦, kiisha 2BT. Una 9, unaalika.
Jibu la 4: huu ni mtego. Pike ni nne tu, uhamisho unadai tano. Hapa unatumia 2♣, tangazo linaloitwa Stayman, linalomuuliza mwenzako kama ana aina kubwa ya karata nne.

Tafuteni pakiti moja ya karata na mwenzako mmoja. Toa mkono wa pointi 16, umpe yeye. Changanya zinazobaki, ujigawie 13. Tangazeni mara ishirini. Jioni moja inatosha. Na mkishindana mkataba gani ulikuwa bora, leteni mikono hapa kwa maandishi, tutaihesabu pamoja.